Mgao wa Mto: Karne Moja ya Sheria za Maji Tanzania

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, ulikuwa na wenyewe zamani sana kabla Johannes Rebmann hajauona mlima huo mwaka 1848. Ukoo uliochimba mfereji ndio ulioutunza. Mzee wa mfongo alipanga zamu, na asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba nyufa alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Upareni watu walijenga ndiva, bwawa dogo linalojaa usiku na kufunguliwa mchana ili maji yashuke mashambani. Palikuwa na dhuluma pia: koo zilizokuja baadaye zilipata masazo, na wanawake hawakuwa na sauti katika mambo ya mifereji. Hata hivyo, taratibu hizo zilijua jambo ambalo sheria za kuandikwa zilichukua karne nzima kulikaribia. Zamu hugawa maji yaliyopo. Mto ukipungua, wote hupungukiwa.

Katika kuandika sheria, Wajerumani walianza na wanyama. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya leseni za uwindaji na kutenga maeneo ya akiba, Rufiji likiwa mojawapo. Maji yaliachiwa Waingereza, waliotunga sheria ya kwanza mwaka 1923, kisha ile ya 1948 iliyoyaweka maji yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana kwa niaba ya Mfalme. Mkulima wa mfongo hakufukuzwa mtoni, ila alibaki bila karatasi, na mzozo ulipofika mezani, mlowezi mwenye shamba la mkonge ndiye aliyekuwa na cha kuonyesha.

Uingereza hiyohiyo, mwaka 1929, ilikuwa imeiahidi Misri kwamba hakuna kitu ambacho kingejengwa kwenye Mto Nile na maziwa yake, katika nchi ilizozitawala, cha kupunguza maji yanayoifikia Misri bila ridhaa yake. Watu wa Mwanza na Bukoba hawakuulizwa. Julai 1962, Tanganyika huru ilitangaza kwamba ahadi hiyo haiifungi. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na matunda yake yanaonekana: maji ya Ziwa Viktoria leo yanafika Kahama na Shinyanga, na mkataba wa ushirikiano uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan zimebaki nje.

Nyumbani, hata hivyo, tulirithi kanuni ya mkoloni karibu neno kwa neno. Sheria ya 1974 ilichukua maji yaliyokuwa ya Mfalme enzi za ukoloni, ikayafanya mali ya Jamhuri ya Muungano, na ikaendelea kugawa haki kwa vipimo. Nchi iligawanywa katika mabonde tisa, ofisi ya Bonde la Pangani ikafunguliwa mwaka 1991 na ya Rufiji mwaka 1993. Mwenye banio la kuchepusha maji ya mto alipewa karatasi yenye idadi ya lita kwa sekunde, akalipa ada.

Kilichofuata katika bonde la Usangu kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, hushuka kwenye tambarare ya mpunga ya Mbarali, kisha hutandaa katika kinamasi cha Ihefu. Maji hutoka Ihefu kwa mlango mmoja tu, Ng'iriama, ambako mwamba umekaa kama kizingiti. Kina cha kinamasi kikiwa juu ya mwamba, mto unaendelea. Kikishuka chini yake, mto unakatika, hata kama nyuma yake bado kuna maji tele yanayokaukia juani. Miaka ya sabini hadi tisini mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira, pamoja na maelfu ya wakulima wadogo, yalivuta kwenye majaruba maji yaliyokuwa yakienda Ihefu. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa inayobeba jina lake, na viboko hujibana kwenye madimbwi machache yaliyosalia.

Sheria ilikuwapo na ada ililipwa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi yenyewe: lita zilizoandikwa zilikuwa zilezile masika na kiangazi. Mkulima aliyelipia aliona, na kwa haki kabisa, kwamba amenunua maji hayo, hivyo Septemba alifungua banio kama alivyofungua Machi. Waliobebeshwa mzigo mzito zaidi ni wafugaji, ambao kuanzia mwaka 2006 waliondolewa Usangu na mifugo yao, wakati mabanio ya mpunga yakiendelea kuvuta maji. Naamini historia itauhukumu vikali uamuzi huo.

Wakati huohuo kiumbe kidogo kilikuwa kinaidai nchi mgao wake. Mwaka 1996, mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa tayari unajengwa, aligunduliwa kwenye korongo la Kihansi chura mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Maji yalipogeuziwa kwenye mitambo mwaka 2000, mvuke ulikwisha. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wazao wa mia kadhaa waliopelekwa Marekani mapema. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Sera ya Maji ya 2002, Sheria ya Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zilitoka katika miaka hiyo ya maumivu. Kwa mara ya kwanza mto ulipewa nafasi kwenye foleni: kwanza maji ya nyumbani, pili mazingira, kisha kilimo, umeme na viwanda. Shughuli za kudumu zikakatazwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Sasa mtihani umehamia chini zaidi, kwenye Mto Rufiji unaopokea maji ya Ruaha Mkuu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 katika eneo lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na kamba wanaokulia humo, hutegemea tope na mafuriko ambayo bwawa hilo linaweza kuyazuia. Kwa sheria ya 2009 delta iko mbele ya mitambo. Bodi ya Bonde la Rufiji ioneshe kila mwezi ni maji kiasi gani yanaachiwa, na vibali vya Usangu viandikwe upya kwa sehemu ya maji yaliyopo mtoni, si kwa idadi ya lita.