Ati Ni Maji

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 wa kizuizini waliuawa. Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa: watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa gari la maji.

Hebu soma tena hilo neno "baada". Taarifa haikusema maji ndiyo yaliwaua. Ilisema walikunywa, kisha wakafa, ikamwachia msomaji amalizie mwenyewe. Ujanja ulikuwa hapo. Lakini taarifa hiyohiyo ilisema askari wao pia walikunywa kwenye gari hilohilo. Sasa mbona hakuna askari aliyekufa?

Maiti zilipochunguzwa zilikuwa na alama za kipigo, na hakimu akasema wazi kuwa kipigo ndicho kilichowaua. Tena hakikuwa hasira za ghafla. Kulikuwa na mpango ulioandikwa ofisini, Mpango wa Cowan, wa kuwalazimisha kufanya kazi wale waliokataa. Wao hawakujiona wahalifu, basi wachimbe mitaro ya mkoloni kwa nini? Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Bunge la London lilipojadili jambo hili Julai, kulikuwa na kisingizio kingine: ati waliokufa hawakuwa binadamu kamili. Aliyekipinga kwa ukali ni Enoch Powell, mbunge wa chama tawala. Ndiyo, huyohuyo ambaye 1968 alijulikana kwa kuwachukia wahamiaji. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine kwa Afrika.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2009, wazee wetu walienda mahakamani London. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alipigwa Hola hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti. Unajua Uingereza ilijibu nini? Kwanza, kwamba deni hilo lilihamia kwa serikali ya Kenya tulipopata uhuru 1963. Yaani tulirithi bendera pamoja na kesi ya aliyetupiga! Jaji alikataa hoja hiyo 2011. Wakarudi: muda umepita sana, mashahidi wamekufa. Hiyo nayo ikakataliwa, Oktoba 2012.

Tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni akatangaza masikitiko na pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Katika hotuba hiyohiyo alisema serikali yake bado haikubali kuwa na dhima.