Tumbo Dogo, Kijiko kwa Kijiko

Leo nina kisa cha zamani, na aliyenikumbusha ni mama mmoja wa hapa Garsen. Wifi yake alirudi kutoka Nairobi akiwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa sababu ya unene. Kwa upendo, mama huyu akampikia wali wa nazi, akamjazia sahani. Mgonjwa alikula vijiko vinne tu, akatapika usiku kucha. Asubuhi mama akaja kwangu: "Sista, sasa nimlishe nini?"

Madaktari walikutana na swali hilo hata kabla ya upasuaji wa unene kuwako. Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alimkata mama mmoja, Therese Heller, sehemu ya tumbo iliyokuwa na saratani. Alikuwa na miaka 43 na watoto wanane. Madaktari waliojaribu upasuaji huo kabla yake walipoteza wagonjwa wao. Huyu alipona kidonda. Je, walimlisha nini? Kwanza barafu ya kulamba. Kisha maziwa lala, kijiko kimoja kila saa, halafu kila nusu saa! Maziwa ambayo akina mama wa Kiorma wanayo nyumbani kila siku. Saratani ilirudi na mama huyo akafariki baada ya miezi minne hivi, lakini njia ya kumlisha mtu mwenye tumbo dogo ilikuwa imeanza kujulikana.

Baadaye watu wengi walikatwa tumbo kwa sababu ya vidonda. Huko Iowa, Marekani, daktari Edward Mason aliona kwamba wanawake waliofanyiwa hivyo walibaki wembamba. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza kuwapasua watu wanene kusudi wapungue. Siku hizi upasuaji unaofanywa zaidi huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi.

Sasa fikiria, mama. Mahali palipoingia sahani nzima panaingia vijiko vichache. Ukivijaza wali mtupu, mwili utapata nguvu za kujenga misuli wapi? Kwa hiyo anza na chakula cha kujenga mwili: samaki wa mto aliyechemshwa na kutolewa miiba, yai, pojo au kunde zilizopondwa, maziwa lala yasiyo na sukari. Wali na ndizi vifuate, kama nafasi ipo. Wiki za kwanza ni vya majimaji, kisha vya kuponda, kisha vilaini, kama alivyoandikiwa na daktari wake. Atafune polepole. Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa, lakini si pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa.

Soda na chai ya sukari nyingi ziwekeni mbali. (Najua, chai yetu bila sukari ni adhabu!) Sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo, mtu hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humkata na huharisha.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa ni vya maisha yote, hata akijisikia mzima. Mtu anayetapika siku nyingi baada ya upasuaji huu huweza kuishiwa na vitamini B1. Ukiona anayumba akitembea, macho yanaona viwili viwili, miguu imekufa ganzi au amechanganyikiwa, usimpe uji ukangoja kesho. Mpeleke Ngao au Hola siku hiyo hiyo, na uwaambie wazi kwamba alikatwa tumbo.

Na kama ni mama ambaye bado anazaa, aongee na kliniki kuhusu kupanga uzazi. Hushauriwa kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba mimba.

Yule wifi sasa anakula yai moja na kunde asubuhi, kwenye kisahani cha chai. Sahani kubwa wameificha.