King'amuzi kilichopitia mahakamani kabla ya kufika sebuleni

Jumamosi ya Februari 14, 2015, wakati wauza maua wa Nairobi wakivuna faida ya siku ya wapendanao, maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) walipanda Limuru wakiandamana na polisi. Hawakuwa wamefuata majani chai. Huko ndiko kulikosimama mitambo iliyorusha matangazo ya analojia ya Citizen, NTV, KTN na QTV, na maafisa hao waliizima. Sebuleni, kwenye televisheni za kisogo kikubwa, picha ilikatika, zikabaki chenga na ule mvumo unaofanana na mvua juu ya mabati.

Vituo hivyo vinne vilikaa kimya siku 19. Kisa hicho kilitimiza miaka 10 Februari 2025, na si kumbukumbu ya kukatiwa keki. Serikali haina haja ya kukumbushwa wale polisi, wenye vituo hawana haja ya kukumbushwa walivyobwagwa kortini, na mtazamaji, ambaye ndiye aliyelipia kila kitu, hakuna aliyemuuliza alionaje.

Limuru yenyewe ina historia yake katika mambo haya. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mwaka mmoja, televisheni ya kwanza ya Kenya ilirushwa kutoka nyumba moja ya shambani huko huko, na picha zake zilifika kama maili 15 tu kila upande. Mwaka 1964 serikali iliitwaa ikawa sehemu ya Sauti ya Kenya (VoK), mwaka 1989 VoK ikageuka Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), na mwaka uliofuata KTN ikaja kuvunja ukiritimba kupitia chaneli 62.

Aliyelelewa na analojia anaijua kazi yake. Mtoto mmoja alishika mlingoti nje, mwingine alikaa dirishani akipokeza habari kutoka kwa wakubwa: geuza, geuza kidogo, rudisha, hapo hapo! Akiuachilia mlingoti, picha inatoroka. Pasipokuwa na antena palitumika henga ya nguo au kifuniko cha sufuria. Vijijini, Great Wall ya inchi 14 isiyo na rangi iliwashwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa, na majirani walianza kuingia saa moja jioni kama waliokaribishwa.

Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakidhoofika, bado uliviona vivuli vya wachezaji na kulisikia goli. Dijitali haijui huruma hiyo: mawimbi yakitosha, picha inang'aa, yakishuka kidogo tu chini ya kiwango, picha inaganda vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Jambo hilo moja lingebadilisha kazi ya antena katika kila nyumba, lakini miaka mingi ilipita kabla ya mtu kupata nafasi ya kulieleza.

Hukumu ya kifo ya analojia haikutolewa Nairobi. Ilitolewa Geneva mwezi Juni 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilipokubaliana kuwa baada ya Juni 17, 2015 matangazo ya analojia hayatalindwa tena yakiingiliwa na ya nchi jirani. Sababu ilikuwa ya hesabu. Kituo kimoja cha analojia kwenye masafa ya UHF kilikalia megahezi 8 peke yake, kama abiria mmoja aliyejinyoosha kwenye kiti cha watu watatu cha matatu. Dijitali inaweza kubananisha vituo kumi na zaidi hapo hapo, na nafasi inayosazwa wakapewa watu wa simu.

Desemba 9, 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya kidijitali jijini Nairobi kupitia Signet, kampuni iliyo chini ya KBC. Waliokimbilia ving'amuzi vya mwanzo, visanduku vya kuiwezesha televisheni ya zamani kuonyesha dijitali, walijuta. Vilikuwa vya mfumo wa DVB-T, nchi nayo ikaamua kuhamia toleo jipya, DVB-T2, ambayo visanduku hivyo haviwezi kuisoma.

Kisha ukaja ugomvi. Anayetaka kuufuata asisumbuke na magazeti ya wakati ule, kwa kuwa magazeti makubwa yenyewe yalikuwa ya washtaki. Afungue hukumu ya Mahakama ya Juu ya Septemba 29, 2014.

Kiini chake ni hiki. Katika analojia, mwenye kituo alitengeneza kipindi na kukirusha mwenyewe kwa mitambo yake. Mpango mpya ulitenganisha kazi hizo mbili: huyu atengeneze, yule abebe. Ni kama mfugaji wa Limuru aliyezoea kupeleka maziwa mjini kwa pikapu yake, sasa anaambiwa pikapu iegeshwe, maziwa yaende kwa lori la mwingine. Swali likawa: lori la nani? Signet ilikuwa na leseni ya kwanza. Ya pili iliposhindaniwa mwaka 2011, Royal Media Services ya S.K. Macharia, wenye Citizen, na Nation Media Group, wenye NTV na QTV, mahasimu wanaonyang'anyana watazamaji kila jioni, walishikana mikono na kuomba pamoja kwa jina la National Signal Network. Wakashindwa. Leseni ikaenda kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina yenye uhusiano na StarTimes.

Tangu siku hiyo, neno maandalizi lilikuwa na maana mbili Kenya. Serikali ilimaanisha kuzima. Wenye vituo walimaanisha kupewa lori lao kwanza.

Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimejiwekea lengo la Desemba 31, 2012. Usiku huo Dar es Salaam ilizima kweli, na miezi iliyofuata ikawa zamu ya miji mingine, Dodoma na Tanga, Mwanza, Arusha, Mbeya. Tanzania Bara, ambayo haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ikawa imewatangulia majirani walioanza kutazama zaidi ya miaka 30 kabla yake. Nairobi nako, shirikisho la watumiaji bidhaa, Cofek, lilikuwa kortini likilalamika kwamba ving'amuzi ni ghali na wananchi hawajatayarishwa. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa umebisha hodi. Tarehe ikasogezwa.

Uchaguzi huo uliyateka maneno yenyewe. Uhuru Kenyatta na William Ruto wakajiita timu ya dijitali, na kambi ya Raila Odinga ikabandikwa jina la analojia. Wakenya wengi walilisikia neno dijitali jukwaani, likiwa na maana ya ujana na madaraka, kabla ya kuona hata kisanduku kimoja dukani.

Baada ya uchaguzi, Standard Group, wenye KTN, walikuwa wamejiunga na wenzao wawili, na kesi ikaanza kupanda ngazi. Desemba 23, 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliitupa. Machi 28, 2014 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi wenye vituo. Miongoni mwa majaji watatu alikuwemo David Maraga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2016. Hoja iliyowabeba ilikuwa kifungu cha 34 cha Katiba, kinachotaka utoaji wa leseni za utangazaji usiwe mikononi mwa serikali. Furaha ilidumu miezi sita. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga ilibatilisha uamuzi huo, ikasema kampuni za ving'amuzi vya kulipia, GOtv na StarTimes, hazikuiba chochote kwa kubeba vituo vya bure, kwa sababu kanuni ilizitaka zivibebe. Lakini iliagiza pia maombi ya leseni ya makampuni hayo matatu yazingatiwe, na ratiba mpya ipangwe kabla ya ile siku ya Geneva.

Ni hukumu ya kina, na wanasheria bado wanaila na kuicheua. Hakimiliki imo, zabuni imo, uhuru wa vyombo vya habari umo. Mwenye Great Wall na betri ya gari hupita humo kama kivuli tu, anaitwa umma, na hakuna anayesimama kumweleza afanye nini na antena yake.

Ratiba mpya ilitoka: Nairobi na viunga vyake Desemba 31, 2014, Mombasa, Kisumu, Nakuru na miji mingine Februari 2, 2015, na sehemu zilizosalia Machi 30. Siku zenyewe zikageuka vita vya matangazo. Mamlaka ikawahimiza watu wanunue ving'amuzi upesi. Vituo vikubwa, kwa sauti zile zile zinazoaminika kusoma habari, vikawaonya wasinunue vya GOtv na StarTimes, wangoje vinavyokuja. Mzazi aliyekuwa ameweka shilingi elfu kadhaa kando ya karo ya Januari alisikia amri mbili zinazopingana kutoka kioo kimoja. Hapo lawama ni za pande zote mbili, na anayesema vingine labda ana hisa mahali.

Tarehe ya Nairobi ikapita vituo vikiwa bado hewani kwa analojia, ndipo ikafika ile Jumamosi ya Limuru, na zile siku 19. KBC na K24 ziliendelea, kwa kuwa zilikuwa zimehama. Waliozoea habari za Nipashe za Citizen saa moja jioni na vituko vya kipindi cha Papa Shirandula walibaki na rimoti mkononi. Waliokuwa wamesita kwa miaka mitano sasa walitaka kujitayarisha kwa wikendi moja.

Walichogundua ni kwamba kununua kisanduku ndiyo kazi rahisi. Kwanza, kipi? Cha kulipia kila mwezi kiliuzwa kwa bei ya kuvutia na kukudai baadaye; cha bure kilidai pesa nyingi siku ya kwanza kisha hakidai tena. Pili, antena. Zile ndefu zenye mbavu pana zilikuwa za VHF, enzi za KBC. Dijitali ilikuja kwa UHF, yenye mbavu fupi. Nyumba iliyokuwa ikiipata KTN vizuri kwa antena yake ya zamani haikuhitaji nyingine, jambo ambalo fundi mwenye antena za kuuza hakuwa na haraka ya kulitaja. Tatu, matundu. Televisheni yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu iliunganishwa na king'amuzi kwa waya tatu. Ile kongwe yenye tundu la antena pekee ilihitaji kisanduku kinachoweza kupitisha picha humo humo, si kila kimoja kiliweza, na wengi waligundua hivyo wakiwa wameshafika nyumbani na risiti mfukoni.

Ukaja pia mgogoro wa chumbani. King'amuzi kimoja hutoa kituo kimoja kwa wakati, hivyo televisheni ya pili ilihitaji kisanduku chake, la sivyo baba na watoto watazame kitu kimoja. Kwa waliotumia betri ya gari, kifaa cha ziada kilimaanisha betri kwisha mapema kabla ya habari. Na rimoti zikawa mbili, moja ya kuongeza sauti, nyingine ya kubadilisha kituo, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyokuwa imelaliwa na mtu kwenye kochi.

Mwanzoni mwa Machi vituo vinne vilirejea, sasa kwa dijitali, kupitia mtandao wao wenyewe, Africa Digital Network. Lori walilipata. Wenye visanduku vya bure walilazimika kutafuta vituo upya kwenye menyu, na wengi walikaa siku kadhaa wakidhani bado giza halijaisha, kumbe ni kitufe tu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Juni 17 ilipita bila kelele. Sehemu ya masafa yaliyoachwa, yale ya megahezi 800, iliishia kwenye intaneti ya 4G ya simu. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN kwa siku kadhaa, na njia ya kuzimia ilipitia Limuru kwa mara nyingine. Siku hizi televisheni mpya huja na DVB-T2 ndani yake, na vile visanduku vya 2015 viko kwenye droo pamoja na chaja za simu zilizokufa. Antena ndefu za VHF hazikuteremshwa katika nyumba nyingi. Zimeshika kutu juu ya mabati ya Eastlands jijini Nairobi, kamba ya nguo imefungwa kwenye mlingoti, na mbavu zake bado zimeelekea Limuru.