Anapigiwa Upatu na Nani?

Kila Rais wa Kenya anapovunja au kupanga upya baraza la mawaziri, sentensi moja hutangulia magazetini na redioni kabla Ikulu haijatoa jina lolote: fulani wa kaunti fulani anapigiwa upatu kutwaa wizara fulani. Huko Wundanyi, katika kaunti ya Taita Taveta, husikika kama inavyosikika Kisumu au Garissa. Kiingereza kina neno moja, speculation, kwa shughuli hii yote, nalo hubeba kukisia, kunong'onezwa na kusukumana bila kubagua. Mwandishi anayeigeuza taarifa hiyo kwa haraka huitafutia neno lolote lililo karibu: leo uvumi, kesho tetesi, keshokutwa ubashiri, kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja. Kiswahili kimeigawa shughuli hii vizuri kuliko lugha tunayoitafsiri, na hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo ndio istilahi yenyewe. Neno moja la kufunika yote halihitajiki, na tukilishikilia litatupotosha.

Tuyapime maneno kwa kazi yake. Uvumi umetokana na kuvuma, kitenzi cha upepo, cha nyuki na cha ngoma. Ni habari iliyokwisha kuenea hata ilikoanzia hakuonekani tena. Fununu ni ndogo zaidi na aghalabu ina mwenyewe: mtu aliye karibu na jambo ameachia kidogo, na jambo lenyewe lipo. Tetesi ingeweza kukaa hapo hapo, ila waandishi wa michezo wameshaitwaa kwa habari za usajili wa wachezaji, na sioni haja ya kuwanyang'anya. Ramli ni mchanga, hiyo ndiyo maana yake katika Kiarabu, na mpiga ramli hadaiwi ushahidi. Kubashiri nako kumehamia kwenye kamari za mpira. Linabaki kisio, wingi wake makisio, neno la ukoo mmoja na kiasi: anayekisia ana kipimo mkononi, na ana haki ya kuulizwa amepimaje. Kwa kazi ya mchambuzi anayeeleza kwa nini jina hili lina nafasi kuliko lile, makisio ndiyo tafsiri ninayoitetea.

Upatu ni kitu kingine kabisa. Ni sahani ya shaba inayogongwa kwa kijiti katika ngoma za Pwani. Watanzania husema mtu anapigiwa chapuo, na chapuo ni ngoma ndogo. Kote kuwili husemwa anapigiwa debe. Vyombo vitatu, na vyote vya kutoa sauti. Tazama kitenzi kinavyojengwa: piga, pigia, pigiwa. Ile -i- inasema yupo anayefanyiwa; ile -w- inamleta huyo mbele na kumrudisha mpigaji nyuma ya pazia. Haimfuti, kwa sababu upatu haujipigi. Nafasi yake katika sentensi iko wazi na sarufi inaturuhusu kuijaza wakati wowote: anapigiwa upatu na wabunge wa chama chake, na wazee wa kwao, na wasaidizi wake, na wafanyabiashara wanaoitazama wizara hiyo. Hapo ndipo habari ilipo. Nafasi ikiachwa wazi, kampeni ya watu wenye nia husomeka kama utabiri wa mvua. Na debe linafundisha zaidi. Sokoni, likijazwa mahindi, debe ni kipimo ambacho mnunuzi na muuzaji hukikubali. Likiwa tupu, kazi yake ni kulia tu. Chombo ni kile kile, na tofauti ya makisio na upatu ni kilichomo ndani.

Kwa nini basi upatu umeyafunika makisio? Naona sehemu kubwa ya jibu imo katika Katiba ya 2010. Chini ya mfumo wa zamani mawaziri walitoka bungeni, kwa hiyo aliyetaka kukisia nani wa Taita Taveta ataingia barazani alikuwa na orodha fupi ya wabunge. Eliud Mwamunga, waziri katika serikali ya Jomo Kenyatta na ya Moi, alikuwa mbunge wa Voi. Darius Mbela, aliyeshika wizara ya ardhi na makazi, alikuwa mbunge wa Wundanyi. Naomi Shaban alikuwa mbunge wa Taveta alipopewa wizara ya mipango maalumu mwaka 2008. Hata Machi 2012, mfumo huo ukiwa ukingoni, Najib Balala alipoondolewa Utalii wizara ilikwenda kwa Dan Mwazo, mbunge wa Voi. Kifungu cha 152 kikaikata kamba hiyo: waziri hawezi kuwa mbunge. Aprili 2013 Uhuru Kenyatta alipotaja majina manne ya kwanza, yalikuwa ya Henry Rotich kutoka Hazina, James Macharia aliyekuwa mkuu wa benki, Fred Matiang'i msomi na Amina Mohamed mwanadiplomasia. Aliyekuwa akihesabu wanasiasa asingewafikia hao. Siku mbili baadaye wakaja Balala na Charity Ngilu, waliokuwa wameshindwa useneta mwezi uliotangulia. Uwanja ulifunguka hata jina lolote likawa linatajika, na orodha ilipotoweka, mwenye sauti kubwa ndiye akasikika.

Lakini vipimo havikwisha. Katiba inataka mawaziri wasipungue 14 wala kuzidi 22, inataka sura ya maeneo na makabila ya nchi, na inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mazoea nayo yanasema kitu: mwaka 2022 Pwani ilitoa Salim Mvurya, aliyemaliza mihula miwili ya ugavana Kwale, na Aisha Jumwa, aliyeukosa ugavana Kilifi, mwaka 2024 ikamtoa Hassan Joho, aliyemaliza mihula miwili Mombasa. Anayesema kwamba kiti cha Pwani hufuata magavana wastaafu na walioshindwa uchaguzi uliopita ametoa kisio. Laweza kuwa na kosa, na msomaji wa Wundanyi ana njia ya kulikosoa.

Wapo watakaosema kwamba nahau imeshachakaa, hakuna anayesikia shaba tena, na msomaji anaelewa tu kwamba mtu huyo ana nafasi kubwa. Nakubali kwamba hivyo ndivyo inavyoeleweka, na hilo ndilo linalonisumbua: msemo wa kutangaza umegeuka msemo wa kupima, na aliyepigiwa sana anadhaniwa amepimwa. Wengine watasema mwandishi analinda vyanzo vyake. Ni wajibu wake, lakini kusema kwamba jina limetoka kambi ya mhusika hakumtaji mtu, na kunamwambia msomaji jambo kubwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba majina yakitajwa mapema umma hupata muda wa kuyachunguza, hasa sasa ambapo mwananchi anaweza kuwasilisha pingamizi bungeni. Ni kweli, ndiyo maana sitaki majina yanyamaziwe. Ila uchunguzi huanzia kwenye sababu zilizotajwa, na anayepigiwa upatu bila mpigaji kutajwa hajapewa sababu inayoweza kuchunguzwa.

Kosa hilo hilo la kuunganisha mambo yaliyo tofauti huendelea hata baada ya Rais kusema. Katiba inazitenga hatua mbili: Rais anapendekeza, na Bunge la Kitaifa likiidhinisha, anateua. Vyombo vyetu husema ameteuliwa siku ya kwanza, na mhusika huitwa waziri mteule. Julai 2024, baada ya William Ruto kulivunja baraza lake tarehe 11, Rebecca Miano alitajwa kuwa Mwanasheria Mkuu, kisha kabla wiki haijaisha akahamishiwa Utalii. Mwaka 2022 kamati ya Bunge ilimkataa Peninah Malonza, aliyependekezwa kuwa waziri, na Bunge zima likaupindua uamuzi huo. Stella Lang'at alitajwa kwa wizara ya jinsia tarehe 24 Julai 2024, na Agosti Bunge likamkataa. Alipendekezwa. Hakuteuliwa.