Kengele ya Kisauni na Watoro wa Rabai

Ukitoka kisiwani Mombasa ukavuka Daraja la Nyali, makanga atakuuliza kama unashukia Kengeleni. Maelfu hushuka hapo kila siku, wakarukia tuktuk wakaenda zao. Wachache huinua macho. Kengele yenyewe bado ipo, imetundikwa kwenye mnara mdogo kando ya barabara, na wenyeji watakwambia kazi yake ya kwanza haikuwa kuita watu kanisani. Ililizwa mashua za wauza watumwa zilipoonekana, ili watu wakimbie.

Waliokimbia walikuwa wageni. Kijiji cha Freretown, kwenye ardhi ya Kisauni, kilianzishwa mwaka 1875 na misheni ya Kianglikana ya CMS chini ya mchungaji William Salter Price. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja Unguja kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na manowari za Kiingereza zikazidi kukamata majahazi baharini. Lakini mtu aliyetolewa ndani ya jahazi apelekwe wapi? Myao au Mmakua aliyenaswa utotoni, akatembezwa miezi hadi pwani, hakuwa na njia ya kurudi kwao. Wengi hawakujua hata kwao ni upande gani.

Waliowapokea walikuwa watu waliowahi kupita njia hiyohiyo. Price aliwaleta kutoka India Waafrika ambao wenyewe walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakaokolewa na manowari, wakasomeshwa kwenye shule ya misheni karibu na Nasik. Walijua kusoma na walikuwa na ufundi mikononi. Wao ndio waliokaa na mateka wapya, wakaongea nao, wakawafundisha. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa watu ambao mama zao hawakukijua. Watoto wao wakaitwa Wamisheni, na mpaka leo ziko familia Kisauni na Rabai zinazojulikana kwa jina hilo.

Nisiipambe Freretown. Chakula na paa vilikuja na amri. Mtu aliyeokolewa kutoka kwa bwana mmoja alijikuta chini ya kanuni za mwingine, na msimamizi Streeter alishtakiwa kwa kuwachapa watu mijeledi na kuwafungia, hadi uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Mkono uliopokea ndio uliopiga, na kuyataja hayo ni haki ya waliochapwa.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi kilitokea Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Mkataba wa 1873 ulikataza watumwa kusafirishwa baharini na kuuzwa hadharani. Utumwa wenyewe haukuguswa. Aliyekuwa akilima shamba la bwana wake Malindi au Takaungu aliendelea kuwa mali ya mtu kwa sheria, na akitoroka aliitwa mtoro. Kwa hiyo palikuwa na wakimbizi wa aina mbili. Mmoja alishushwa na manowari, akaandikwa daftarini, akapewa kiwanja Freretown. Mwingine alikuja usiku kwa miguu, na kumficha lilikuwa kosa. Wakuu wa misheni waliogopa. Wenye watumwa wa Mombasa waliwahi kutishia kuivamia Freretown, na balozi mdogo wa Uingereza hakutaka ugomvi na Sultani. Agizo likawa watoro wasipokewe.

Rabai walipokewa. Mji ule ulikuwa na mazoea ya wageni: mwaka 1846 wazee wa Kirabai, watu wa kaya na mizimu yao, walikuwa wamemruhusu Ludwig Krapf ajenge kwao, naye hakuwa wa dini yao wala wa rangi yao. Miaka ya 1880 misheni ya hapo ilikuwa mikononi mwa William Jones, mmoja wa wale waliolelewa Nasik. Alinaswa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akafika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1864. Mei 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, na miezi michache baadaye akafuatana naye katika safari ya kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi walionusurika hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886.

Mtu wa namna hiyo angemwambia nini mtoro aliyesimama mlangoni? Kwamba sheria haimruhusu? Jones na walimu wenzake waliwaacha wakae. Walipewa mahali pa kulima, wakajenga, wakaoa, wakazaa, wakaja kanisani Jumapili kama watu wengine. Mambo haya hayakutangazwa. Hakuna aliyepanda mimbarini kuyahubiri.

Mwaka 1888 siri ilifichuka. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala pwani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na wenye watumwa walimwendea mkuu wake, George Mackenzie, wakidai mali yao. Orodha ilipotengenezwa, Rabai na misheni za jirani zilikutwa na watoro kwa mamia. Mackenzie hakuthubutu kuwarudisha, wala hakuthubutu kuwaudhi wenye mali. Ikachangwa fidia, mabwana wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru.

Karatasi ile ilikuwa na jina la mtu, na maneno kwamba sasa ni huru. Walioishika walikuwa wamekwisha kuishi kama watu huru kwa miaka kadhaa, kwa sababu tu jirani hakuwasaliti. Vitabu humsifu Mackenzie. Mimi naona alikuja kuandika kilichokwisha kutendwa na walimu wachache wa Rabai, ambao kabla ya siku hiyo wangeadhibiwa kwa kukitenda. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Miongoni mwa familia za Freretown ni ukoo wa Mbotela. James Mbotela, mwana wa mateka aliyekombolewa, aliandika kisa cha watu wake kwa Kiswahili katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Katika lugha ya pwani ya wakati huo watu waligawanywa mafungu mawili, mtumwa na mngwana, na ungwana haukuwa adabu tu, ulikuwa ni kuzaliwa huru. Kuanzia miaka ya 1960, kwa zaidi ya nusu karne, mtu wa ukoo huohuo, marehemu Leonard Mambo Mbotela, alikaa mbele ya kipaza sauti cha redio Nairobi, katika kipindi chake, akawauliza Wakenya wote, wazao wa mabwana na wazao wa watumwa: Je, huu ni ungwana?