Sayari Ipitayo Juu ya Mitunguu

Ewe msomaji, ukisimama Mitunguu, katika nchi ya Meru, usiku wa manane mwishoni mwa Oktoba, na mawingu ya vuli yakikuruhusu, tazama utosini pa mbingu. Mji huo u karibu na Ikweta, na hapo juu pana nyota usiyoweza kuiona pasipo darubini. Katika orodha za wataalamu huitwa WASP-71, lakini mwaka 2019 Watanzania waliipa jina la Mpingo, na sayari yake wakaiita Tanzanite. Wakenya nao mwaka uo huo waliziita nyota na sayari nyingine Kalausi na Buru, maneno ya Kijaluo, yaani kimbunga na vumbi.

Tanzanite ni jitu la gesi, lenye uzito upatao mara mbili ya ule wa Mushtarii. Mushtarii huchukua miaka 12 hivi kulizunguka Jua. Tanzanite huizunguka nyota yake kwa siku 2.9 tu! Ilijulikanaje, nayo haionekani? Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya Jua, kama doa dogo jeusi, na Kenya mpito huo ulionekana. Tanzanite nayo hupita hivyo, na kila ipitapo mwanga wa Mpingo hupungua kwa kiasi kisichofika sehemu 1 katika 100.

Upungufu huo uligunduliwa na kamera zilizowekwa katika visiwa vya Kanari na Sutherland, Afrika Kusini. Lakini wataalamu hawakushangilia upesi, na walifanya vema, kwa maana nyota mbili zinazokingamana huweza kumhadaa mtazamaji vivyo hivyo. Hivyo darubini za La Silla, nchini Chile, ziliutazama tena mpito na kupima jinsi nyota inavyoyumba kwa kuvutwa na sayari yake. Ndipo, mwaka 2012, habari ikatangazwa.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Tuseme hesabu ya mzunguko ina kosa la sekunde 1. Kwa mwaka sayari huzunguka zaidi ya mara 120; baada ya miaka 10 kosa limekuwa zaidi ya dakika 20, na darubini ya angani, ambayo kila saa yake hugombewa na wataalamu wengi, itaelekezwa kwa wakati usio wake. Kwa hiyo hapana budi mipito itazamwe tena na tena. Wengi waifanyao kazi hiyo si wataalamu wa kulipwa; hutumia darubini ndogo yenye kamera, uani kwao, na saa isemayo kweli.