Miezi Mitatu ya Megrahi

Mchana wa tarehe 20 Agosti 2009, katika uwanja wa ndege wa Glasgow, mwanamume aliyevaa kofia, na kitambaa cheupe kimemziba nusu ya uso, alipanda ngazi za ndege iliyotumwa kutoka Libya kuja kumchukua. Huyo alikuwa Abdelbaset al-Megrahi, hadi siku ile mtu pekee aliyetiwa hatiani kwa kuilipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie. Alikuwa na saratani ya tezi dume, na ripoti ya magereza ilisema kwamba miezi mitatu ni makadirio ya kuridhisha ya maisha aliyobakiza. Usiku akashuka Tripoli. Umati ulikuwa unamsubiri, watu wanapeperusha bendera, na baadhi yake, amini usiamini, zilikuwa za Scotland.

Niseme mapema kwamba sikuja hapa kubishana kama Megrahi alitega bomu au hakutega. Ninachotaka kukizungumzia ni ile miezi mitatu, na kile kilichopotea wakati dunia nzima inahesabu siku kwenye kalenda.

Kwanza msiba wenyewe, maana katika siasa zilizofuata ndio uliosahaulika upesi. Tarehe 21 Desemba 1988, siku nne kabla ya Krismasi, ndege iliyotoka London kwenda New York ililipuka angani. Wote 259 waliokuwamo walikufa, 35 kati yao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Syracuse waliokuwa wanarudi nyumbani. Mabaki yaliangukia mtaa wa Sherwood Crescent na kuua wakazi 11 wa Lockerbie, watu waliokuwa majumbani mwao jioni tu. Jumla 270. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam, tulio na tarehe yetu wenyewe, 7 Agosti 1998, hatuhitaji kuelezwa maana ya hesabu kama hiyo.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuwafikisha washtakiwa mahakamani. Gaddafi alikataa kuwatoa, Umoja wa Mataifa ukaiwekea Libya vikwazo, na Nelson Mandela akawa miongoni mwa waliokwenda kusema naye mpaka akalegea. Kesi ilisikilizwa Camp Zeist, Uholanzi, kwa sheria za Scotland, mbele ya majaji watatu bila baraza la wazee. Januari 2001 mshtakiwa mwenzake, Lamin Khalifah Fhimah, aliachiwa huru. Megrahi akapewa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mandela alimtembelea gerezani Barlinnie, Glasgow.

Sasa tuje kwenye sheria. Kwetu Tanzania tumezoea msamaha wa Rais: inafika 9 Desemba, inasomwa orodha, na mara nyingi wamo wazee na wagonjwa wa maradhi yasiyo na matumaini. Neno letu ni msamaha, na neno hilo linabeba mzigo, kama vile aliyetoa amefuta kosa. Sheria ya Scotland ya mwaka 1993 haisamehi chochote. Inampa waziri uwezo wa kumwachia mfungwa kwa sababu za huruma, basi. Hatia inabaki palepale. Na miezi mitatu haimo katika kifungu hicho. Ni mwongozo wa kiutawala tu, kwamba mtu aliyebakiza takribani muda huo anaweza kufikiriwa. Lakini Waziri wa Sheria, Kenny MacAskill, aliitaja alipotangaza uamuzi wake, na tangu hapo ikageuka kuwa kama deni. Mgonjwa alitakiwa kulilipa kwa kufa.

Hakufa. Novemba ikapita, Krismasi ikapita, na kila mwezi magazeti yakauliza: mbona bado yupo? Hebu lisome swali hilo polepole, uone lilivyo la ajabu. Aliishi miaka miwili na miezi tisa.

Wiki mbili tu kabla ya Megrahi, Uingereza ilikuwa imemwachia kwa huruma Ronnie Biggs, yule wa wizi wa treni wa mwaka 1963, aliyetoroka gerezani na kukaa miaka mingi akila raha Brazil. Biggs aliishi hadi Desemba 2013, miaka minne na zaidi. Hakuna aliyemdai kifo chake. Utasema kosa lake lilikuwa dogo mno ukilinganisha, na ni kweli. Basi chukua wa kwetu. Adel Abdel Bary, aliyekiri makosa mbele ya mahakama ya New York katika kesi zilizotokana na milipuko ya Nairobi na Dar, aliachiwa na jaji Oktoba 2020 kwa sababu za afya wakati wa korona, kifungo chake kikiwa kimebakiza wiki chache, na Desemba akarudishwa Uingereza. Magazeti ya London yalipiga kelele siku mbili tatu. Hakuna bunge lililoitwa kutoka likizo, wala seneta aliyedai uchunguzi. Watu 224 walikufa katika milipuko ile, 11 kati yao Dar es Salaam, idadi ileile ya waliokufa mitaani Lockerbie.

Kwa nini basi Megrahi? Kwa sababu huruma yake ilinuka mafuta. Mei 2007 Tony Blair alikutana na Gaddafi jangwani. Wakati huohuo BP ikapata mkataba mkubwa wa kutafuta mafuta na gesi Libya, na serikali hizo mbili zikaanza safari ya kupatana juu ya kuhamisha wafungwa. BP yenyewe ilikuja kukiri kwamba iliisukuma London iharakishe makubaliano hayo, ingawa ilikana kumtaja Megrahi. Tatizo likawa kwamba mfungwa hakuwa wa London. Alikuwa wa Edinburgh, na Edinburgh ilikuwa mikononi mwa chama kinachotaka Scotland ijitenge, kikiwa na viti 47 tu kati ya 129. Mwaka 2011 mapitio ya nyaraka yalionyesha kwamba serikali ya London ilikuwa na sera ya kufanya kila iwezalo kuwasaidia Walibya wafikishe ombi lao Scotland. Hadharani ilikaa kimya.

Nampa MacAskill haki yake hapa. Maombi mawili yalikuwa mezani kwake, na siku ileile alilikataa moja: kumhamisha Megrahi kwa mkataba wa Blair. Alisema familia za Marekani zilikuwa zimeaminishwa kwamba kifungo kitamalizikia Scotland. Akakubali la pili, la huruma. Obama akaita uamuzi huo kosa, mkuu wa FBI akamwandikia barua ya hasira, na bunge lake mwenyewe likamlaani. Mtu aliyetaka kuwafurahisha wakubwa asingechagua njia ile.

Lakini kuna jambo ambalo halikupigiwa kelele, na mimi naona ndilo lenyewe. Juni 2007 tume ya Scotland inayopitia upya hukumu za jinai, baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa na ripoti yenye kurasa zaidi ya 800, ilisema kuna sababu sita za kushuku kwamba haki haikutendeka. Ushahidi mzito ulikuwa wa mwenye duka wa Malta aliyesema Megrahi anafanana na mteja aliyenunua nguo zilizokutwa zimeungua pamoja na bomu. Tume ilikuta kwamba siku chache kabla ya gwaride la utambulisho, mwenye duka huyo alikuwa ameiona picha ya Megrahi kwenye jarida. Rufaa ikafunguliwa. Ikaanza kusikilizwa.

Tarehe 18 Agosti 2009, siku mbili kabla ya kupanda ndege, Megrahi aliifuta. Mkataba wa kuhamisha wafungwa ulidai kesi zote ziwe zimekwisha. Huruma haikudai hivyo. Baadaye, katika kitabu kilichotoka 2012, alidai kwamba ujumbe ulimfikia kuwa mambo yangekuwa mepesi akiiacha rufaa. Serikali ya Scotland ilikana. Vyovyote iwavyo, mgonjwa aliyetaka kufia kwa watoto wake hakuwa na muda wa kubahatisha.

Daktari Jim Swire, aliyempoteza binti yake Flora ndani ya ndege ile, alikuwa ameisubiri rufaa hiyo kuliko pengine Megrahi mwenyewe. Haamini kwamba Megrahi ndiye. Familia nyingi za Marekani zinaamini ndiye, na kwao kumwachia kulikuwa tusi. Walitaka majibu tofauti, ila wote walinyimwa siku ileile.

Agosti 2011, utawala wa Gaddafi ukiporomoka, mwandishi wa CNN alimkuta nyumbani Tripoli hajitambui, anapumua kwa oksijeni. Machi 2012 gazeti moja la Scotland likachapisha zile kurasa 800 na ushei. Tarehe 20 Mei akafariki, umri miaka 60. Familia yake ilifungua rufaa upya, na Januari 2021 majaji watano wa Edinburgh waliitupilia mbali. Hoja kadhaa ambazo mwaka 2009 zingesikilizwa naye akiwa hai hazikufika mbele yao.